Laptopu moja, watoto 84: nianzie wapi kuwafundisha kuandika programu?

Swali: Mimi ni mwalimu wa hisabati, darasa la tano, katika shule ya msingi wilayani Rungwe. Nina wanafunzi 84 na laptopu moja, ambayo ni yangu mwenyewe. Umeme upo ila hauaminiki. Shule moja ya binafsi mjini Mbeya inapeleka watoto kwenye mashindano ya roboti, na wazazi wameanza kuniuliza sisi tunafanya nini. Nasikia watoto hufundishwa kuandika programu kwa michezo na mashindano. Je, kwa hali yangu inawezekana? Nianze na mchezo gani? Na hayo mashindano hayatawavunja moyo wale wanyonge?

Jibu: Kamwene, Mwalimu. Hiyo ndiyo salamu yetu huku Iringa, na kwa ajili ya Rungwe naongeza ndaga fijo, asante sana, maana umeniandikia idadi ya watoto wako na hali ya umeme wako, na mtu akieleza hivyo hata anayejibu anajua pa kushika.

Inawezekana. Nikwambie mapema ninachokiamini baada ya miaka ya kuendesha klabu za watoto kuanzia Mafinga hadi Vwawa. Kitu cha thamani anachokipata mtoto si kubonyeza kibodi. Ni uwezo wa kuandika maelekezo ambayo hata kitu kisicho na akili kinaweza kuyafuata, kisha maelekezo yakigoma, kukaa chini na kulisaka kosa lake mwenyewe bila kulia na bila kumsingizia mwenzake. Kila mchezo na kila shindano nalipima hapo: je, mtoto ataliona kosa lake kwa macho yake, na atapata nafasi ya kulirekebisha? Kama atapata, mchezo unafaa hata ukichezwa kwa kokoto. Kama hapati, haufai hata uje na roboti ya mamilioni.

Kwa hiyo laptopu yako iache nyumbani wiki tatu za mwanzo. Anza na bao.

Simaanishi bao la wazee lenyewe, lile la mashimo 32 na kete 64, lenye namua na mtaji, nyumba, kichwa na kimbi. Hilo ni bahari, na mtoto wa darasa la tano utamzamisha siku ya kwanza. Chukua kipande chake kimoja tu. Chora kwa chaki duara la mashimo 8 sakafuni (kwa mvua za Tukuyu usitegemee uwanja), yape namba 1 hadi 8, na kila shimo liwekee kete 2. Komwe huku juu ni adimu. Punje za mahindi au maharage zinatosha. Kanuni ni ile ambayo baadhi ya watoto wameshaiona kibarazani: chota kete zote za shimo moja, zigawe moja moja kwenye mashimo yanayofuata. Ya mwisho ikiangukia shimo lililokuwa na kete, chota zote uendelee. Ikiangukia shimo tupu, unalala, yaani unaishia hapo.

Cheza mwenyewe mara moja mbele yao, kimya kimya. Ukianza na shimo la 1, kete mbili zinakwenda la 2 na la 3. La 3 sasa lina tatu. Chota, gawa la 4, la 5, la 6. La 6 lina tatu. Chota, gawa la 7, la 8, la 1. La 1 lilikuwa tupu, basi umelala. Umegawa mara tatu, mchezo umekwisha, na darasa zima litakwambia limeelewa.

Sasa wagawe katika vikundi vya wanne, waandike maelekezo hayo kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuliona bao maishani mwake. Kikishamaliza, kikundi kinakabidhi karatasi kwa kikundi cha jirani, na mtoto mmoja wa huko anakuwa mashine. Mashine husoma na kutenda kilichoandikwa, basi. Haulizi, hakisii, hamsaidii mwandishi.

Nakumbuka kipindi kama hicho katika shule moja ya kijijini upande wa Makambako. Binti mmoja alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri kabisa, na hatua yake ya tatu ilisomeka hivi: "Kama shimo la mwisho lina kete, chota zote na urudi hatua ya pili." Ya nne: "Kama halina, lala." Nilipoisoma, mimi mwenyewe nilipitisha macho nikaona ni sawa. Kijana aliyekuwa mashine akaanza. Akagawa mara moja, mara mbili, mara tatu, akafika shimo la 1. Wote tulijua hapo analala. Yeye akainama, akalitazama shimo, akasema, "Lina kete moja," akaichota. Akaiweka la 2, akachota nne. Akafika la 6, akakuta kete moja, akaichota nayo. Wenzake wakapiga kelele, "Lala! Lala!" Hakulala. Karatasi haikumwambia alale. Alizunguka hadi jasho likamtoka, na hapo ni mwezi wa saba, kwenye baridi ya Makambako unayoijua.

Yule binti alisimama pembeni akinyoosha kidole kwenye shimo la 1, midomo ikimtembea bila sauti. Kisha akasema, "Lina kete, lakini ni ile aliyoiweka yeye mwenyewe sasa hivi." Akainyakua karatasi, akafuta neno "lina", akaandika "lilikuwa na". Kikundi kingine kilichokwama mahali palepale kilitibu kwa njia yake: "Kama kete zimefika mbili au zaidi, chota." Zote mbili ni sahihi. Nikakaa nazo dakika kumi nzima ubaoni, kwa sababu hapo, Mwalimu, ndipo somo lilipokuwa. Kosa lile la mzunguko usiokoma ni mojawapo ya yale yanayozigandisha kompyuta za watu wazima maofisini. Na mtoto wa darasa la tano alilikamata kwa kutofautisha "lina" na "lilikuwa na", sarufi aliyonyonya kwa mama yake. Ndiyo maana nasisitiza maelekezo ya kwanza yaandikwe kwa Kiswahili. Mtoto akihangaika na lugha ya kigeni na fikra ngeni kwa wakati mmoja, hutajua ni lipi lililomshinda.

Kama mwalimu mkuu ataona huu ni upotevu wa muda, mweleze kwamba si mimi niliyeanzisha. New Zealand, Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury na wenzake wamekuwa tangu miaka ya 1990 wakifundisha sayansi ya kompyuta bila kompyuta, kwa kadi, kamba na chaki. Kazi yao inaitwa CS Unplugged, na michezo yake inapatikana bure. Humo utakuta mingi ya kukufaa, ila mimi napenda zaidi kuichota iliyopo kijijini, kwa sababu mtoto anayekijua kitu kwa mikono yake hukasirika haraka anapoona maelekezo yake yamekiharibu, na hasira hiyo ndiyo inayomrudisha kwenye karatasi.

Wiki ya pili, watembeze. Kuna mtu mmoja ningependa umfahamu: Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Mwaka 1967, huko Marekani, yeye na wenzake walitengeneza Logo, lugha ya kwanza ya programu iliyotungwa kwa ajili ya watoto, ambayo baadaye ilipewa kobe anayepokea amri na kuchora anapopita. Papert aliwataka watoto wajifanye kobe: kabla hujamwamuru, simama, tembea mwenyewe. Pia hakupenda programu iitwe mbaya. Kwake yeye ilikuwa bado ina kitu cha kurekebishwa.

Fanya hivyo hivyo. Amri ni tatu: mbele hatua fulani, geuka kulia nyuzi fulani, geuka kushoto nyuzi fulani. (Utaona vurugu ya kwanza ni kulia kwa nani, maana kobe akikugeukia uso, kulia kwake ni kushoto kwako. Waache wagombane kidogo hadi wakubaliane kwamba kulia ni kwa kobe.) Mraba hautawasumbua: mbele hatua tano, kulia nyuzi 90, rudia mara nne. Kisha waombe pembetatu yenye pande sawa.

Karibu kila kikundi kitaandika kulia nyuzi 60, na wana haki, maana wewe mwenyewe umewafundisha kwamba pembe za pembetatu hiyo ni nyuzi 60. Mtoto-kobe atatembea pande tatu, atageuka nyuzi 60 kila mara, na atasimama mbali na alipoanzia, amechora kitu kama karai lililokatwa ubavuni. Usiwaambie kitu. Mwambie kobe arudie hatua zilezile mara tatu zaidi, nao wataona wamefunga umbo la pande sita. Kisha mrudishe kwenye kona ya kwanza, asimame akiangalia kule alikokuwa anakwenda, ageuke taratibu hadi aelekee upande wa pili wa pembetatu. Hapo wataona kwamba mwili haukugeuka nyuzi 60 za ndani ya kona, umegeuka zile za nje, 120. Waulize kobe akizunguka umbo lolote hadi arudi alipoanza amegeuka jumla ya nyuzi ngapi. Wanaohesabu mraba watapata 360, na wa pembetatu 360, na wa pande sita 360. Nimefundisha hisabati kwa ubao miaka mingi, na sijawahi kuona pembe za nje zikieleweka kwa kasi hiyo.

Wiki ya tatu ni nyepesi. Mchezo wa kukisia namba kati ya 1 na 100, mwenzako akikwambia "juu" au "chini". Anayekata katikati kila mara hazidi makisio 7. Kisha leta orodha ya majina 84 iliyopangwa kwa alfabeti, uwaulize jina lolote linapatikana kwa kufungua mara ngapi. Ni 7 pia, na wataanza kujiuliza kwa nini 84 na 100 vinalingana. Nawe usiwajibu siku hiyohiyo.

Sasa mashindano, ambayo naona ndiyo yaliyokukaa rohoni, na yamenikaa mimi vilevile. Miaka kadhaa iliyopita niliandaa shindano la shule kadhaa, la mtoano, la kasi, zawadi kwa atakayemaliza kwanza. Timu moja ya watoto wa kutwa, ambao hawakuwa na kompyuta majumbani, ilikuwa imebakiza kosa moja tu, mgeuko wa kushoto uliotakiwa kuwa wa kulia. Muda ukaisha, nikawaambia waondoke kwenye mashine ili wengine wakae. Walitoka bila kulijua kosa lao. Muhula uliofuata, watoto wanne kati ya sita wa timu ile hawakurudi klabuni. Kosa la mgeuko lilikuwa lao, lakini kosa la shindano lilikuwa langu, nami sijaendesha shindano la namna ile tena.

Tena mtoano, hata ukiuangalia kwa hesabu tupu, unapoteza habari. Ukiwa na timu 8 unahitaji mechi 7, kwa sababu kila mechi inatoa timu moja na lazima zitoke saba. Tuseme mwenye nguvu hushinda kila mara: bingwa ni wa kweli, sawa. Lakini aliyeshindwa fainali si lazima awe wa pili. Wa pili wa kweli huenda alikutana na bingwa mechi ya kwanza, akaenda nyumbani saa nne asubuhi. Wanaostahili kugombea nafasi ya pili ni watatu tu, wale waliofungwa na bingwa mwenyewe, na mechi 2 za ziada zingetosha kumpata. Wape watoto wako jambo hilo walivumbue wenyewe. Rungwe hamkosi maparachichi: chukua 8, ning'iniza fimbo kwa kamba katikati iwe mizani, waambie watafute zito kuliko yote kwa kulinganisha mawili mawili, kisha wakutafutie la pili kwa uzito bila kuanza upya. Wakimaliza waulize kuhusu timu za UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi. Utapata mjadala mkali darasani, na utakuwa mjadala wa haki.

Shindano ninalokushauri liko hivi. Watoto 84 ni vikundi 21 vya wanne. Kila kikundi kinapewa tatizo, kinaandika maelekezo, kinabadilishana na kikundi kingine, na kile kingine kinayatekeleza kama mashine. Yakitembea mara ya kwanza, alama 3. Yakigoma, kikundi kinarudishiwa karatasi, kinarekebisha, na chini yake kinaandika sentensi moja: kosa lilikuwa wapi. Yakitembea baada ya hapo, alama 3 vilevile. Na kikundi kilichokuwa mashine, kikionyesha kwa kete au kwa hatua ni mahali gani hasa karatasi ya wenzao ilipogoma, kinapata alama 2. Wapo walimu wanaonipinga kwenye hizo 3 za pili. Wanasema aliyepatia mara ya kwanza anaonewa. Mimi naona hapana. Aliyerekebisha amefanya kazi zaidi, na huku duniani hakuna mwandishi wa programu anayepatia mara ya kwanza. Kazi yake yote ni ile ya mara ya pili na ya tano.

Orodha ya washindi usiibandike. Bandika makosa. Tenga kipande cha ukuta, kila wiki watoto wachague kosa lililofundisha wengi, liandikwe hapo pamoja na tiba yake na jina la aliyelitibu. "Lina" na "lilikuwa na" ya yule binti ilikaa ukutani mwaka mzima. Kuhusu wanyonge uliowauliza, mara nyingi ndio wanaokuwa mashine bora, kwa sababu hawana haraka ya kukisia, na mashine bora ndiye anayekamata makosa. Mwaka huo nilimwona mtoto ambaye hesabu zilikuwa zikimtoa machozi akigeuka kuwa mtu anayegombaniwa na vikundi.

Jambo moja uliangalie kwa jicho kali. Usipozungusha kazi, baada ya wiki mbili wasichana watakuwa waandishi wenye mwandiko mzuri na wavulana watakuwa wameishika mashine. Mwandishi, msomaji, mashine, mkaguzi: wabadilishane kila dakika kumi, kwa kengele, bila mjadala.

Matatizo ya shindano uyatoe wapi? Lipo shindano la kimataifa liitwalo Bebras, lililoanzishwa Lithuania mwaka 2004 na Valentina Dagienė. Halimtaki mtoto ajue kuandika programu. Humpa maswali mafupi ya kufikiri, ya ngazi tatu za ugumu, kulingana na umri. Maswali ya miaka iliyopita yapo bure mtandaoni. Ukishayazoea utaanza kutunga ya kwenu. Hili nimekutungia: Kosta inatoka Tukuyu kwenda Mwanjelwa. Abiria wanne wana magunia ya viazi, na magunia yanapangwa kwenye keria moja juu ya lingine. Mmoja anashuka Kiwira, mmoja Isongole, mmoja Uyole, mmoja Mwanjelwa. Yapakiwe kwa mpangilio gani ili kila mtu akishuka, utingo asihamishe gunia la mwingine? Mtoto ataona kwamba la Mwanjelwa linatangulia kupakiwa na la Kiwira linakuwa la mwisho. Amejifunza rundo, mojawapo ya namna za msingi ambazo kompyuta hupanga kumbukumbu zake: kilichoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Kisha muulize, vipi kama wa Uyole alichelewa akapanda Kiwira? Na fumbo la babu zetu la chui, mbuzi na majani nalo ni tatizo la aina hiyohiyo, lenye safari 7 za mtumbwi. Usiombe jibu tu. Waombe maelekezo ambayo watoto watatu na ukindu mmoja wakicheza, hakuna anayeliwa.

Baada ya hapo ndipo laptopu inapoingia darasani, nayo iingie na Scratch. Ni programu ya bure iliyotoka mwaka 2007 katika chuo cha MIT huko Marekani, kwa timu ya Mitchel Resnick, ambaye aliwahi kufanya kazi na Papert mwenyewe. Imekusudiwa watoto wa miaka 8 hadi 16. Amri zake ni vipande vinavyoshikana kama matofali, na visivyoendana havishikani, kwa hiyo mtoto hapotezi kipindi kwa kukosea herufi. Ina toleo la kupakua mara moja, ukishaliweka halihitaji bando. Kalipakue ukiwa mjini, lihifadhi kwenye flashi pia, na kwenye sehemu ya lugha chagua Kiswahili. Usihangaike kuiweka kwenye simu ndogo za wazazi. Imetengenezwa kwa kompyuta na tableti.

Kwa umeme wenu, chaji usiku, uje na betri iliyojaa. Kila kikundi kiwe kimeandika programu yake kwenye daftari kabla hakijaigusa mashine, kisha kipewe dakika tano za kuipanga na kuijaribu. Vikundi 7 ni dakika 35, vinatosha kwenye kipindi kimoja cha dakika 40. Kwa vipindi vitatu umewamaliza wote 21, na wakati mmoja yuko kwenye laptopu wengine wanakaguana madaftari. Programu ya kwanza isiwe mchezo wa magari wanaouota. Iwe ule mraba waliotembea: ongeza vipande vya kalamu, weka kalamu chini, rudia mara 4, nenda hatua 100, geuka nyuzi 90. Kisha pembetatu. Atakuwepo mmoja atakayeandika 60, na safari hii utaona kikundi chake chote kikisimama na kugeuka papo hapo, kati ya madawati, kutafuta 120 kwa miguu yao.

Michezo ya kweli itakuja muhula unaofuata, nao watataka kutengeneza ya kwao. Waruhusu. Mtoto anayetengeneza mchezo wa kudaka maembe yanayodondoka atahitaji kurudia, atahitaji "kama", atahitaji mahali pa kuweka alama, na atahitaji kujua kwa nini alama zake zinaruka tano tano badala ya moja. Ukikuta hilo la mwisho, muulize: embe linagusa kikapu kwa muda gani, na kompyuta inauliza mara ngapi katika muda huo? Ni ndugu wa kosa la bao. Tiba mojawapo ni embe lihamishwe juu mara tu linapogusa kikapu, lisibaki likigusa.

Kwa wazazi wanaouliza kuhusu roboti, waambie ukweli bila unyonge. Vifaa vya roboti ni ghali, na kimoja kwa watoto 84 maana yake wawili wanajenga na 82 wanatazama. Akitokea mfadhili, mwombe micro:bit kadhaa badala ya roboti moja. Ni kibao kidogo cha kielektroniki cha kiganjani, kinachoandikiwa programu, kilichotolewa na BBC mwaka 2016 kwa wanafunzi wa Uingereza, chenye taa 25 na vitufe viwili, na kinakwenda kwa betri ndogo mbili za kawaida. Kumi kama hivyo vinawapa kazi watoto arobaini kwa wakati mmoja.

Na waeleze kwa lugha wanayoijua. Mwaka 2006 mwanasayansi wa kompyuta Jeannette Wing aliandika kwamba fikra hizi si za wataalamu peke yao. Ziongezwe kwa kila mtoto pamoja na kusoma, kuandika na kuhesabu. Kila mzazi wa Tanzania anaijua KKK, kwa hiyo hapo mtaelewana. Lakini usiwaahidi kwamba mtoto akiandika programu basi atafaulu kila somo. Haiji yenyewe. Aliyeelewa kurudia kwenye bao hatauona urudiaji kwenye mgawanyo wa desimali mpaka wewe umwonyeshe kwa kidole kwamba ni kitu kilekile. Daraja hilo ni kazi yako, na kwa kuwa ni mwalimu wao wa hisabati, una nafasi ambayo mtu wa klabu kama mimi, ninayekuja Ijumaa na kuondoka, sijawahi kuwa nayo.

Ukishafanya kipindi cha kwanza cha bao, niandikie sentensi ambazo watoto wako wameziandika kwenye hatua ya tatu. Nitumie hasa zile zilizogoma.